Dakika Kumi na Moja za Mzee Mwaipopo

Bibi Lusajo Mwakatobe alianguka akiwa na kijiko mdomoni. Kwa miaka arobaini na tatu alikuwa mwonja chai katika kiwanda kimoja cha Rungwe, na hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita kila msimu, kwa sababu mashine zilizoletwa kushika nafasi yake ziliweza kutaja kila kilichomo ndani ya kikombe lakini hazikuweza kusema kama chai hiyo inanyweka. Asubuhi hiyo alivuta funda la tano kwa kishindo, kama waonjaji wanavyovuta. Pumzi ikakata, macho yakaingia giza, akaenda chini pamoja na vikombe viwili.

Wiki moja baadaye alikuwa amelala chali kwenye mashine ya CT ya hospitali ya moyo iliyojengwa juu kidogo ya mji wa Tukuyu. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa, na alikuwa anamshukuru kila aliyemgusa.

"Ndaga, mwanangu," alimwambia Atuganile Mwakalinga, mtaalamu wa mionzi, alipomfunika blanketi. Alipochomwa sindano akasema tena, "Ndaga." Mashine ilipomwambia kwa ile sauti yake ya upole ashike pumzi, aliishika. Ilipomwambia aiachie, aliiachia na kuijibu, "Ndaga fijo, mama. Asante sana."

Atuganile alicheka nyuma ya kioo. "Bibi, hiyo ni mashine."

"Najua. Lakini imeniomba kwa adabu."

"Haya, sasa utasikia joto likishuka mpaka chini ya kitovu. Ni dawa ya kuonesha mishipa. Usiogope."

Kisha sauti ya bibi ikatoka taratibu ndani ya mashine.

"Mwanangu, una hakika ni dawa? Maana huku chini nahisi nimejikojolea."

"Kila mtu husema hivyo, bibi. Uko mkavu kabisa."

"Basi asante kwa kunistahi."

Picha zilichukuliwa kwa muda wa mapigo manne tu ya moyo. Zamani daktari angekaa nazo mbele ya kioo, akapima upana wa mlango wa moyo kwa milimita, akachagua ukubwa wa valvu mpya, kisha akamwomba Mungu. Siku hizi picha zilikuwa mwanzo tu. Atuganile aligusa meza, na juu yake ukainuka moyo wa Bibi Lusajo mwenyewe, mwekundu uliofifia, mkubwa kama papai, ukidunda sawasawa na ule uliokuwa kifuani. Waliuita moyo kivuli. Ulikuwa na kila mkunjo na kila kovu la moyo wa kweli, na ulijibu kama moyo wa kweli ungejibu: ukiubana unabanwa, ukiukata unavuja.

Walipomketisha bibi na kumwonesha, alisogeza uso karibu.

"Ndiye huyu anayenisumbua?"

"Anayesumbua ni huu mlango, bibi." Atuganile alionesha mahali damu inapotoka kwenda kwenye mshipa mkuu. "Una kope tatu, kama kope za jicho. Zilitakiwa kuwa laini, zifunguke na kufungika. Zako zimeganda chokaa. Tundu lililopaswa kupitisha kidole gumba sasa linapitisha penseli."

Bibi Lusajo aliutazama moyo ukisukuma, ukisukuma, kama mtu anayesukuma mlango wenye gunia nyuma yake.

"Maskini," alisema. "Na bado haujaniacha."

*

Kazi ya kivuli ilikuwa kufanyiwa upasuaji kabla ya mwenyewe. Mashine ya mipango ilichukua moyo kivuli wa Bibi Lusajo na kuutia valvu mpya mara elfu kumi, kila mara kwa njia tofauti kidogo, ikipita kwenye mshipa wa paja na kupanda hadi moyoni. Ilimaliza kwa saa tatu. Dakta Kokuhirwa Byabato, daktari bingwa wa moyo, aliyasoma majibu amesimama. Alipofika mwisho akavuta kiti.

"Mara elfu sita na mia nne," alisema. "Mara elfu sita na mia nne kivuli kimesimama kudunda, Atu."

Atuganile alikuwa ameshaliona tatizo. Kope ya kushoto ya mlango wa bibi ilikuwa ndefu, na kwenye ncha yake palikuwa na donge la chokaa kama punje ya mahindi. Milimita nane tu juu yake palianzia mshipa mdogo unaoulisha moyo wenyewe. Valvu mpya ilipotanuka, iliisukuma ile kope juu, nayo ikauziba mshipa ule kama kizibo. Dawa ya hilo ilijulikana: unaipasua kope katikati kwa waya kabla ya kuweka valvu, damu ipate pa kupita. Lakini waya ukifika kwenye donge, donge litavunjikia upande gani? Mashine haikujua, kwa hiyo ilibahatisha, na mara nyingi ilibahatisha vibaya. Kupasua kifua nako kusingewezekana, kwa kuwa mshipa mkuu wa bibi ulikuwa mgumu kama ganda la yai. Ukiubana, unameguka.

"Tusipofanya kitu?" Atuganile aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ataanguka tena. Wiki mbili, labda tatu. Na safari hiyo haamki."

Chini kabisa ya majibu mashine ilikuwa imeandika mstari mmoja zaidi: katika kabati la vivuli vilivyofungwa kuna kivuli kinachofanana na hiki kwa sehemu tisini na nne kati ya mia. Mwenyewe alifanyiwa upasuaji huohuo. Alifariki mezani. Kumbukumbu ya upasuaji ipo, dakika kumi na moja.

Vivuli vya marehemu vilifungwa kwa sheria. Sheria hiyo ilitungwa baada ya kampuni moja ya ng'ambo kukamatwa ikiuza mioyo ya watu waliokufa kama karanga, kikombe kwa kikombe. Tangu hapo kivuli kilihesabiwa kuwa kiungo cha mwili. Mtu akifa, kivuli chake ni cha familia, na mashine huruhusiwa kuona umbo la nje tu. Ndani hakuna wa kuingia bila idhini yao.

Dakta Kokuhirwa alifunga faili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na haya aliyachagua polepole.

"Wewe ndiye mtunza kabati. Kila Alhamisi unalifungua kwa matengenezo. Mimi Alhamisi huwa sikuulizi umeona nini."

"Leo ni Alhamisi, dakta."

"Ndiyo. Najua."

Alitoka. Atuganile alibaki na ufunguo, ambao haukuwa chuma bali alama ya kiganja chake. Aliweka kiganja juu ya kioo cha kabati bila kukigandamiza. Dakika kumi na moja za marehemu ambaye hakuzihitaji tena. Bibi kizee mmoja hai. Nani angedhurika? Nani angejua? Aliyarudia maswali hayo mara tatu, na mara zote majibu yalikuwa hayohayo, lakini mkono haukugandamiza. Mwishowe akaenda wodini.

Bibi Lusajo alikuwa amekaa dirishani akisikiliza mvua. Atuganile alimweleza kila kitu, donge, kope, kabati, hata Alhamisi. Kumweleza mgonjwa mambo hayo hakukuwa utaratibu.

"Kwa hiyo unaweza kulifungua," bibi alisema.

"Naweza. Hakuna atakayejua."

"Huyo marehemu ana watu?"

"Ana binti. Yuko Kyimbila, si mbali."

Bibi alifikiri. Kupumua tu kulimchosha, na maneno aliyatoa mafungu mafungu.

"Mwanangu, nimeishi miaka themanini na moja. Sijawahi kupewa kitu nikakosa wa kumwambia asante. Nikipona kwa kitu cha kuiba, nitamshukuru nani?"

"Bibi, huyo binti anaweza kukataa."

"Akikataa, amekataa. Nenda ukaombe. Na uombe vizuri, usiende na ukubwa wa hospitali."

*

Gari la hospitali lilijiendesha lenyewe hadi Kyimbila, likasimama kando ya kitalu cha miche ya parachichi. Tusekile Mwaipopo, mwanamke wa miaka hamsini hivi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akibebesha miche. Alichonga kikonyo kwa kisu chembamba, akakipachika kwenye shina la mche, akakizungushia utepe wa plastiki, akachukua mwingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unataka mingapi?"

"Sikuja kununua. Natoka hospitali ya moyo."

Kisu kilisimama.

"Miaka tisa," Tusekile alisema. "Leo ndiyo mmeijua njia ya kuja hapa."

Atuganile alikaa chini kwenye majani, kwani hapakuwa na kigoda kingine, na akaomba. Alieleza bila kuficha. Tusekile alimwacha afike mwisho.

"Unajua mliniandikia nini alipokufa? Mstari mmoja. 'Kivuli cha marehemu kimefungwa na ni mali ya familia.' Mimi hata sikujua kivuli ni nini. Nilidhani mmempiga picha akiwa maiti." Alikata kikonyo, kikaharibika, akakitupa. "Baba aliingia kwenu kwa miguu yake. Hakuna aliyekuja kuniambia ilikuwaje. Na sasa mna shida ndiyo mnakuja kukaa kwenye majani."

"Ni kweli, dada. Hatukufanya vizuri."

Tusekile hakutarajia jibu hilo. Alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Huyo bibi ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Ungeweza kufungua bila mimi?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimeshaweka mkono."

"Kilichokuzuia?"

"Yeye. Aliuliza, akipona kwa kitu cha kuiba, atamshukuru nani."

Tusekile aliinama, akamaliza kufunga mche uliokuwa mkononi, taratibu sana.

"Nenda, mdogo wangu," alisema. "Sitakujibu leo. Nenda."

*

Siku mbili zilipita. Siku ya pili Bibi Lusajo alizimia akitoka msalani, na ikawachukua dakika nzima kumrudisha. Alipofumbua macho alimshukuru nesi.

Asubuhi ya tatu Tusekile alikuja. Alikuwa amevaa kitenge kizuri cha kwendea kanisani, na aliongea kabla ya kuketi.

"Nitafungua. Lakini nikione kwanza mimi. Kabla ya mashine, kabla ya daktari yeyote."

"Ni haki yako," Atuganile alisema. "Ila ujue utamwona mpaka mwisho wake."

"Ndicho nilichokuja kuona."

Walikaa wawili tu chumbani. Tusekile aliweka kiganja chake kwenye kioo, Atuganile akaweka chake, kabati likafunguka. Juu ya meza ukainuka moyo wa Mzee Andembwisye Mwaipopo, ukidunda.

Tusekile alijishika mdomo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unapiga hivi?"

"Hivihivi. Hapa ndipo upasuaji ulipoanza."

Walitazama. Dakika ya kwanza, mrija ulipanda kutoka kwenye paja. Dakika ya tatu, ulifika kwenye mlango. Dakika ya tano, waya uliigusa kope ya kushoto na kuanza kukata. Pembeni zilipita namba za pumzi na za damu, zote shwari. Dakika ya saba donge la chokaa lilipasuka. Lilipinda juu na kulala kwenye mlango wa ule mshipa mdogo, kwa ulaini kama jani linavyolala juu ya maji. Atuganile alisimamisha kumbukumbu.

"Ni hapa," alisema. "Hili donge. Waya ulipita juu yake badala ya chini. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba linavunjikia huku. Zilizobaki ni dakika nne za madaktari kujaribu kulitoa."

Tusekile aliendelea kulitazama lile donge.

"Si chakula?"

"Chakula gani, dada?"

"Mlisema asile tangu usiku. Asubuhi ile alikuwa na njaa. Aliniomba kama mtoto. Nikampa ndizi mbivu mbili, nikamfuta mdomo, nikawaambia manesi hajala." Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. "Sijawahi kumwambia mtu. Mume wangu hajui. Nikaona ni mimi. Kila nikiona ndizi mbivu, naona ni mimi."

Atuganile hakutaka kumfariji kwa uongo. Alirudisha kumbukumbu mwanzo, akamsogezea zile namba za pembeni, akazipitia naye moja moja.

"Tazama. Kama zile ndizi zingemdhuru, angetapika, zingeingia kwenye pumzi. Hizi hapa pumzi zake. Dakika ya kwanza, safi. Ya tatu, safi. Ya sita, safi. Hakutapika. Kifuani hakukuingia kitu. Aliyeua ni huyu." Akaweka kidole kwenye donge. "Ndizi zako zilimwondolea njaa, basi."

Tusekile alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu mzima, kisicho na aibu. Atuganile aliuacha moyo uliosimamishwa hapo juu ya meza, akamshika bega. Alipomaliza, Tusekile alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Alikufa ameshiba," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Haya. Waite na madaktari wako. Na hiyo mashine, iangalie inavyotaka." Alisimama, akasita, na neno lililofuata lilionekana kumpa kazi. "Asante."

*

Mashine iliitazama kumbukumbu mara moja tu. Kisha ikauchukua tena moyo kivuli wa Bibi Lusajo na kuanza upya. Safari hii ilijua. Ilipitisha waya chini ya donge. Kabla ya kukata, iliweka mrija mwembamba ndani ya mshipa mdogo ili uushike wazi hata kope ikilala juu yake. Katika majaribio elfu kumi kivuli kilisimama mara mia mbili na arobaini.

"Hizo mia mbili na arobaini bado ni bibi anayekufa," Dakta Kokuhirwa alimwambia Bibi Lusajo, kwani sasa mambo yote yalisemwa wazi.

"Na zilizobaki ni bibi anayekwenda nyumbani," bibi alijibu. "Nimeonja chai yenye matumaini madogo kuliko hayo. Tuanze."

Upasuaji ulifanyika Jumatatu asubuhi. Bibi alikuwa macho, amechomwa ganzi ya paja tu. Atuganile alikaa kwenye meza ya kivuli, akilinganisha moyo wa mfano na moyo wa kweli, na alitaja umbali kwa sauti: milimita tatu, mbili, moja. Waya ulipita chini ya donge. Kope ilipasuka. Hata hivyo donge likavunjika na kupinda juu, kulekule, kwa ulaini uleule aliouona kwa Mzee Mwaipopo. Lakini mrija ulikuwa umeshatangulia. Donge lililala juu yake na damu ikaendelea kupita.

"Weka valvu," alisema Dakta Kokuhirwa.

Valvu ilitanuka. Kwa pigo moja, mawili, hapakuwa na kitu. La tatu lilikuja na nguvu ambayo mashine zote chumbani ziliitambua mara moja. Bibi Lusajo alivuta pumzi ndefu, akashangaa ilivyofika mbali.

"Ee," alisema. "Kumbe nilikuwa nimezibwa kiasi hiki?" Akaanza kushukuru, daktari, nesi, mtu wa ganzi, mashine, mpaka Dakta Kokuhirwa, aliyekuwa bado ameshika mrija, akamwomba anyamaze asije akatikisika. Macho ya daktari yalikuwa yamelowa juu ya barakoa.

Siku ya nne Tusekile alifika wodini, amealikwa na bibi mwenyewe. Bibi Lusajo alikuwa amevaa, mzigo wake umefungwa kitandani. Alimwona, akamwendea, na katikati ya wodi akapiga magoti, kama wanawake wa kwao walivyosalimia wakubwa wao tangu zamani.

"Mama, hapana!" Tusekile alimshika mikono. "Mimi ni mtoto kwako. Usinipigie magoti."

"Sikupigii wewe. Nampigia baba yako. Wewe niache nimalize."

Alibaki chini muda aliouona unatosha, kichwa kimeinama. Kisha akainuka, peke yake, bila kushika kitanda wala mkono wa mtu. Hakuwa anahema. Alimvuta Tusekile wakaketi pamoja kitandani, kando ya mzigo.

"Nimeambiwa moyo wake ulivyokuwa, kila milimita," alisema. "Lakini hapa hakuna anayejua alikuwa mtu gani. Niambie wewe."

Katika miaka tisa hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Alikuwa anapiga tarumbeta kanisani," alianza, na ghafla akacheka huku machozi yakimtoka. "Tena hakuwa anapiga vizuri. Mchungaji alimbembeleza akae mstari wa nyuma..."

"Anzia mwanzo," alisema Bibi Lusajo, akijiweka sawa. "Sasa muda ninao."